Magamba kichwani kwa mtoto mdogo: kuosha tu, mafuta, shampuu ya dawa au krimu?

Mzazi wa Dar ambaye mtoto wake ameota magamba kichwani hakosi washauri. Bibi atasema paka mafuta ya nazi. Shangazi atasema nyoa. Jirani atakutajia krimu aliyouziwa Kariakoo, siku tatu tu kwisha kazi. Nesi wa kliniki, akishakiangalia kichwa chenyewe, atakwambia kiache kitaisha. Na kila mmoja ana mtoto wa kumtolea mfano, aliyepona kwa njia hiyo hiyo.

Hawasemi uongo. Magamba ya watoto wachanga kwa kawaida huisha yenyewe, mengi kabla mtoto hajatimiza mwaka, kwa hiyo chochote ulichokuwa unapaka wiki yalipoanza kupungua ndicho kitakachopewa sifa. Ndiyo maana ushauri wa mtaani ni mgumu kuupima. Hapa nimezipanga njia nne na kuziuliza maswali yaleyale. Ila kabla ya hapo lazima tukubaliane ni magamba gani tunayazungumzia, maana mapunye hayamo kabisa kwenye ulinganisho huu. Yana njia yake.

## Angalia kichwa kwanza

Magamba ya mtoto mchanga mara nyingi huanza kati ya wiki za mwanzo na mwezi wa tatu. Ni ya njano au kahawia, mazito, ukiyagusa yana mafutamafuta, na yameshikamana na ngozi hasa utosini na juu ya paji la uso. Wakati mwingine hushuka hadi kwenye nyusi na nyuma ya masikio. Mtoto mwenyewe hana habari: ananyonya, analala, hajikuni. Hayaambukizi, na hayatokani na uchafu, hata kama mama mkwe anakutazama kwa jicho hilo. Inadhaniwa kwamba homoni alizotoka nazo mtoto tumboni huzifanya tezi zake za mafuta zizidishe kazi, na fangasi aina ya Malassezia, ambao wapo kwenye ngozi ya kila mtu, hushamiri humo.

Mapunye, au mashilingi kama wengi tunavyoyaita, huwapata zaidi watoto waliokwishaanza kuchangamana, wa chekechea na shule ya msingi. Baka ni la duara, magamba yake ni makavu ya kijivu, linawasha, na nywele zake zimekatika: vinabaki visiki vifupi au vidoti vyeusi usawa wa ngozi. Pitisha vidole nyuma ya masikio na kisogoni, mara nyingi utakuta vitezi vimevimba. Hayo yanaambukiza, kwa kitana, kofia, mto na mashine ya kinyozi.

Umri na nywele zilizokatika, basi. Hivyo viwili vinatenganisha visa vingi kuliko rangi ya magamba yenyewe.

Kuhusu rangi, vikaratasi vingi vya maelekezo huzungumzia wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Utaona mabaka yaliyofifia kuliko ngozi ya pembeni, au yaliyokolea weusi. Yaliyofifia huweza kubaki kwa wiki kadhaa, hata miezi, baada ya magamba kwisha. Si dalili kwamba dawa imeshindwa, na si sababu ya kuongeza dawa.

## Maswali niliyoiuliza kila njia

Inafanya kazi gani hasa? Kuna kazi tatu hapa, kuondoa magamba, kupunguza fangasi na kutuliza ngozi iliyochokozeka, na hakuna njia inayofanya zote tatu vizuri. Inachukua muda gani? Inataka maji na fedha kiasi gani? Ina hatari gani, hasa kwenye joto letu? Na inamfaa mtoto yupi?

Sikuuliza ipi ni "kali" zaidi. Ndilo swali tunalopenda kuuliza dukani, na kwa kichwa cha mtoto wa miezi minne ni swali baya.

## 1. Kuosha tu na kusubiri

Kazi yake. Maji ya uvuguvugu na shampuu au sabuni laini ya mtoto, mara mbili au tatu kwa wiki, unasugua taratibu kwa ncha za vidole. Inapunguza mafuta na kuondoa magamba yaliyokwisha kulegea. Yaliyoganda haiyawezi.

Muda. Wiki kadhaa, pengine miezi. Hapa wengi hushindwa, na si kwa sababu ya mtoto bali ya wageni wanaokuja kumwona.

Maji na mfuko. Nafuu kuliko zote. Kasoro yake ya Dar ni maji ya kisima yenye chumvi: sabuni haitoi povu, unaongeza sabuni, halafu haisuuziki, na inayobaki inamkausha mtoto ngozi. Kama kwenu mnatumia kisima, tenga ndoo ndogo ya maji ya bomba au ya mvua kwa ajili ya kusuuzia kichwa tu.

Hatari. Karibu hakuna, mradi usitumie sabuni ya kufulia wala shampuu ya watu wazima. Kinachowasumbua wazazi ni utosi. Wapo wasiougusa kabisa kwa hofu, na hapo ndipo ukoko unapojijenga. Utosi wa mbele kwa kawaida hufunga mtoto akiwa kati ya mwaka mmoja na mwaka na nusu; kabla ya hapo umefunikwa na utando imara, na kuuosha kwa mkono mwepesi hakumdhuru. Kule kupigapiga unakokuona ni mapigo ya damu.

Inamfaa nani. Mtoto asiyetimiza mwaka, mwenye magamba machache, ngozi chini yake ni nzima. Hawa ndio wengi.

## 2. Mafuta, kisha kitana

Kazi yake. Kulainisha magamba yaliyoganda ili yatoke bila kukwanguliwa. Mafuta hayaponyi kitu. Usipoosha baada ya kupaka, umeongeza tu mafuta kwenye kichwa ambacho tatizo lake ni mafuta.

Utaratibu ni huu. Paka kiasi kidogo kwenye sehemu yenye ukoko tu, si kichwa kizima. Subiri dakika kumi na tano au ishirini. Chukua brashi laini ya mtoto, au kitana cha plastiki chenye meno butu, ukilaze karibu sambamba na ngozi, uchane kwa mkono mwepesi upande mmoja. Gamba lililo tayari litanyanyuka ukingoni na kuja na kitana, mara nyingi likiwa na vinywele viwili vitatu; vitaota tena, usihangaike. Lisilonyanyuka liache hadi siku nyingine. Kisha osha kwa shampuu ya mtoto, mara mbili ikibidi, mpaka nywele zisiteleze tena.

Mafuta gani? Hapa sikubaliani na mabibi, kwa heshima zote. Malassezia hula asidi za mafuta, na mafuta ya mimea yamejaa asidi hizo, ya nazi yakiwemo. Ya mzeituni yana pia asidi ya oleiki kwa wingi, ambayo hudhoofisha tabaka la juu la ngozi. Ya karanga yaache kwa sababu ya mzio. Mafuta ya mgando ya kawaida yasiyo na manukato, au mafuta ya maji ya mtoto (baby oil) yatokanayo na mafuta ghafi ya ardhini, fangasi hawa hawawezi kuyala. Kama nyumbani kuna ya nazi tu, tumia ya nazi, mradi usiyalaze kichwani. Dakika ishirini na kuoshwa ni tofauti kabisa na usiku kucha kwa wiki mbili.

Muda. Ukirudia kila baada ya siku mbili au tatu, kwa kawaida kichwa huanza kusafika ndani ya wiki moja au mbili. Magamba yanaweza kurudi, unarudia.

Maji na mfuko. Mafuta yenyewe si ghali. Kinachotumika ni maji ya kuyaosha, na kama kwenu ni mgao na mnahifadhi kwenye madumu, panga siku.

Hatari. Kati ya Desemba na Machi, jiji linapochemka na umeme ukikatika feni ikasimama, mafuta mazito yakibaki kichwani huziba vinyweleo, na kesho yake paji la uso na shingo vimejaa vipele vya joto. Halafu unapaka mafuta zaidi kutibu vipele. Hatari nyingine ni kucha. Kubandua gamba kavu kunaacha kidonda, na kidonda kwenye jasho ni mlango wa bakteria. Ndimu, kitunguu saumu na mafuta ya taa havina nafasi kwenye kichwa cha mtoto: vinaunguza, na mafuta ya taa ni sumu.

Inamfaa nani. Mtoto mchanga mwenye ukoko mnene usiotoka kwa kuosha, na mlezi mwenye subira na nusu saa. Haimfai mwenye ngozi inayovuja maji, na kwa mapunye ni kupoteza muda.

## 3. Shampuu ya ketokonazoli

Kazi yake. Inapunguza fangasi. Ukoko uliokwisha kuganda haiutoi vizuri, kwa hiyo wanaoitumia bila kulainisha magamba kwanza husema haifanyi kazi.

Muda. Kwa kawaida mara mbili kwa wiki, kwa wiki mbili hadi nne. Inakaa kichwani dakika chache, tatu hadi tano, ndipo inasuuzwa. Ukiipaka na kuisuuza hapohapo umenawa tu.

Maji na mfuko. Ghali kuliko mafuta, lakini kichwa cha mtoto ni kidogo na chupa moja hudumu. Ipo kwenye famasi nyingi za mjini. Angalia tarehe ya mwisho na usinunue iliyomiminwa kwenye chupa isiyo na lebo.

Hatari. Inachoma machoni, kwa hiyo mlaze mtoto chali kwenye mkono wako, kichwa kikielekea nyuma. Inaweza kukausha ngozi. Kwa mtoto chini ya mwaka mmoja usiianze kwa uamuzi wako. Mwonyeshe mtaalamu kwanza. Na usiichanganye na shampuu za mba za watu wazima. Zenye asidi ya salisiliki hazifai kwa watoto wachanga, kwani hupenya kwenye ngozi na kuingia mwilini.

Inamfaa nani. Mtoto ambaye kuosha na mafuta vimefanywa sawasawa bila mabadiliko, au magamba yanayorudi kila mara. Ina kazi pia kwenye mapunye, kama msaidizi, kama utakavyoona.

## 4. Krimu ya haidrokotisoni

Kazi yake. Ni steroidi dhaifu, kwa kawaida asilimia 1. Inatuliza ngozi iliyovimba na kuchokozeka, hasa magamba yakishuka nyuma ya masikio na kwenye mikunjo ya shingo. Fangasi haiwagusi, magamba haiyatoi.

Muda. Haraka kuliko zote, siku chache. Na siku chache ndizo zinazoruhusiwa: isizidi wiki, safu nyembamba, mara moja kwa siku au kama ulivyoandikiwa.

Maji na mfuko. Tyubu ndogo, bei nafuu, haitaki maji. Ndiyo sababu inavutia.

Hatari. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, na kichwa chake ni sehemu kubwa ya mwili wake kuliko ilivyo kwako, kwa hiyo dawa nyingi huingia ndani. Ikitumika muda mrefu ngozi huwa nyembamba zaidi na kupoteza rangi. Hata hivyo haidrokotisoni yenyewe si adui. Ninachokiogopa ni kile unachopewa mahali pake.

"Dada, naomba dawa ya mashilingi, ya mtoto."

"Ipo hii, mama. Asubuhi na jioni."

Mazungumzo yameishia hapo. Hakuna aliyeuliza umri, hakuna aliyeomba kukiona kichwa, na kilichofungwa kwenye mfuko ni krimu ya mchanganyiko: dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi kali, zote kwenye tyubu moja. Geuza boksi usome. Ukiona betamethasone au clobetasol, hiyo ni steroidi yenye nguvu mara nyingi zaidi ya haidrokotisoni. Siku ya tatu mwasho umetulia na baka limefifia, unamsifu muuzaji. Chini kwa chini, kama ni mapunye, fangasi wanaendelea kutambaa bila ngozi kupiga kelele, na ukija hospitali mwezi unaofuata hata daktari atapata tabu kulitambua baka lenyewe. "Siku tatu tu kwisha kazi" ya jirani ina maelezo yake hapo.

Inamfaa nani. Mtoto aliyeonwa na mtaalamu, ngozi imechokozeka kweli, na mzazi anayeweza kuacha siku aliyoambiwa aache.

## Na kunyoa?

Watoto wengi hapa hunyolewa, siku ya saba kwenye akika au wakitimiza arobaini, na hilo ni jambo la dini na mila ambalo halihitaji ruhusa ya magamba. Kama tiba halina faida kubwa. Ukoko unaonekana vizuri zaidi na ni rahisi kuuosha, basi. Wembe juu ya ukoko hukata ngozi. Lainisha kwanza, siku moja kabla. Kwa watoto wakubwa tatizo ni mashine ya kinyozi inayohama kichwa hadi kichwa. Familia yenye wavulana wawili watatu itajisaidia kununua mashine yake.

## Kama ni mapunye

Hapa hakuna cha kulinganisha kati ya zile nne. Fangasi wa mapunye wameingia ndani ya unywele na shina lake, mahali krimu na shampuu hazifiki. Inahitajika dawa ya kumeza. Iliyozoeleka ni griseofulvini, kwa kipimo kinachokokotolewa kwa uzito wa mtoto, kwa kawaida wiki sita hadi nane. Inafyonzwa vizuri ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta: maziwa, wali wa nazi, mkate uliopakwa siagi ya karanga kama hana mzio. Daktari anaweza pia kuchagua terbinafini, ambayo muda wake huwa mfupi zaidi. Vidonge vya ketokonazoli vikatae. Tangu 2013 mamlaka za dawa za Ulaya na Marekani zilibana matumizi yake kwa sababu ya madhara kwenye ini.

Shampuu ya ketokonazoli mara mbili kwa wiki inasaidia kupunguza vimbegu vya fangasi ili asiwaambukize wenzake, na ndugu anaolala nao wakaguliwe vichwa siku hiyohiyo. Akishaanza dawa anaweza kuendelea na shule. Kofia ya madrasa, hijabu, kitana na taulo viwe vyake peke yake. Kwa wasichana, msusi aoshe vitana vyake, na mitindo inayovuta nywele isubiri.

Likitokea vimbe laini, linalobonyea na kutoa usaha, ni mapunye yaliyochachamaa. Lisitumbuliwe. Mpeleke mapema, maana likichelewa linaweza kuacha upara wa kudumu.

## Kwa hali yako

Mtoto ana miezi miwili, magamba machache, anakua vizuri: osha, usinunue kitu. Akiwa na ukoko mnene na wageni wa arobaini wanakuja Jumamosi, anza mafuta na kitana Jumatatu, usiache yote yangoje Ijumaa usiku.

Umefanya mafuta vizuri kwa wiki mbili tatu na hakuna nafuu, au yakiisha yanarudi: kwenye siku ya kliniki mwonyeshe nesi kichwa, usiishie kwenye mizani na chanjo, uulize kuhusu shampuu ya ketokonazoli. Ikiwa mikunjo ya shingo na nyuma ya masikio nayo imechokozeka, pengine utaandikiwa haidrokotisoni ya siku chache pamoja nayo.

Mtoto anajikuna, hapati usingizi, na mashavu nayo yana mabaka makavu: huenda ni ukurutu wa mzio, ambao una matunzo yake tofauti. Usibahatishe kwa dawa ya fangasi.

Ana miaka minne au zaidi na nywele zimekatika: ruka njia zote nne, nenda zahanati. Sera ya serikali inawasamehe watoto chini ya miaka mitano gharama kwenye vituo vya umma, ingawa dawa ikikosekana dirishani utaandikiwa ukanunue mwenyewe. Wakishindwa zahanati, rufaa itakupeleka Amana, Mwananyamala au Temeke kufuatana na unakoishi, na kwa visa vigumu Muhimbili.

Usisubiri siku ya kliniki kama kuna usaha, harufu, ngozi inayovuja maji au homa. Vivyo hivyo kama magamba yameenea mwilini na mtoto anaharisha au uzito haupandi.

Ukienda, beba kadi ya kliniki na kila tyubu uliyokwisha kumpaka, hata ile ya jirani. Na siku hiyo usimpake mafuta kichwani, ili daktari aone ngozi yenyewe na aweze kuchukua magamba kwa kipimo akihitaji.